Bei ya dawa: Uganda ifuate njia ya nani?

Mwaka 2024 dunia iliona matunda ya kazi kubwa waliyoifanya wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini. Walishiriki utafiti wa lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, na kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Juni 2025 Marekani iliiidhinisha, na kampuni inayoitengeneza ikatangaza bei ya dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Miezi mitatu baadaye ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 viwanda vya India vitaitengeneza dawa ileile na kuiuza kwa dola 40 hivi kwa mwaka, katika nchi 120, Uganda ikiwemo. Brazili, ambako dawa hiyo pia ilijaribiwa, haimo katika nchi hizo.

Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni nani alikaa mezani kuzungumza bei, alikuja na fedha kiasi gani, na kama alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Kila nchi imejipangia namna yake ya kukaa kwenye meza hiyo, na sisi Uganda tutalazimika kuchagua ya kwetu. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwezi Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini. Siku ya kuujadili tena ikifika, watu watabishana juu ya makato ya mshahara, nami naogopa swali la bei ya dawa litasukumwa pembeni. Nimeandika ulinganisho huu kwa watakaokuwa kwenye mjadala huo: mbunge, msimamizi wa bima ya kijamii, mwenye famasi, na mgonjwa wa presha anayenunua vidonge kila mwezi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mifumo inayosifiwa sana Ulaya inategemea kitu ambacho sisi hatuna bado, yaani mfuko mmoja mkubwa unaowalipia wananchi karibu wote. Tukiiga kanuni zao bila mfuko huo, tutapata ofisi nzuri na bei zilezile. Tuanze na njia inayomsaidia mtu anayenunua dawa peke yake, kisha tuujenge mfuko.

Mnunuzi wetu ni nani?

Vituo vya afya na hospitali za serikali viliacha kutoza ada Machi 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Dawa zao huletwa na National Medical Stores, shirika la serikali lililoanzishwa 1993, na pakiti zake hupigwa chapa kwamba ni mali ya serikali na haziuzwi. Hospitali za misheni hununua zaidi kutoka Joint Medical Store, bohari ya Wakatoliki na Waprotestanti iliyopo tangu 1979. Dawa za VVU, kifua kikuu na malaria kwa sehemu kubwa zimekuwa zikigharamiwa na wafadhili. Katika njia hizi tatu mnunuzi ananunua kwa wingi, na bei anayoipata ni nzuri. Mwaka 2000 dawa za VVU za mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikazitoa kwa dola 350. Mwaka 2023 Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ikatangaza kwamba mchanganyiko unaotumika leo unanunuliwa kwa chini ya dola 45. Hayo ni matunda ya ushindani wa dawa jenerika, yaani nakala za dawa ileile zinazotengenezwa na viwanda vingine, na mnunuzi mkubwa mwenye fedha mkononi.

Shida iko nje ya lango la kituo. Dawa zikiisha ndani, muuguzi huandika karatasi na mgonjwa huelekea famasi au duka la dawa. Huko hakuna bei elekezi. National Drug Authority, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, inasajili dawa, inakagua ubora na kutoa leseni. Kupanga bei si kazi yake. Muuzaji huuliza, "Mama, nikupe ya India au ya Ulaya?" na mama hujibu kulingana na noti alizo nazo. Kidonge kilichotoka kwa wauzaji wa jumla wa William Street, Kampala, kina bei moja mjini, nyingine kikifika Lira, na nyingine tena kikifika Kaabong. Kila mkono kinaopitia huongeza chake, na hakuna anayelazimika kusema ameongeza kiasi gani.

Wanaoumia zaidi ni wenye magonjwa yasiyo na mfadhili mkubwa: presha, kisukari, kifafa, pumu, figo, saratani. Hao ndio ninaowafikiria ninapozipima nchi hizi.

Marekani: soko lililoachwa lijipangie

Marekani naipitia kwa haraka kwa kuwa haifai kuigwa, ingawa inafaa kueleweka. Kule kampuni hujipangia bei ya kuanzia. Kila kampuni ya bima hujadiliana kivyake, mara nyingi kupitia mawakala wanaopewa punguzo la siri, na mgonjwa asiye na bima ndiye hukutana na bei kamili. Sheria ya 2003 iliyoongeza dawa kwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, iliikataza serikali kuingilia mazungumzo ya bei. Mnunuzi mkubwa kuliko wote akafungwa mikono kwa sheria. Uchambuzi wa taasisi ya RAND kwa bei za 2022 ulionyesha Marekani ikilipa karibu mara tatu ya wastani wa nchi nyingine tajiri.

Sheria ya Agosti 2022 ililegeza kamba hiyo. Sasa Medicare hujadili bei za dawa chache zilizokaa sokoni miaka kadhaa bila mshindani, na bei mpya za dawa kumi za kwanza zimewekwa kuanza Januari 2026, zikiwa chini ya bei za orodha, yaani bei zinazotangazwa na kampuni kabla ya punguzo, kwa asilimia 38 hadi 79. Wazee wenye bima hiyo wanalipa insulini isiyozidi dola 35 kwa mwezi tangu 2023.

Kampuni husema bei kubwa ya Marekani ndiyo inayogharamia utafiti wa dunia nzima. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa maana faida ya soko lile huwavutia wawekezaji. Lakini nchi yenye kipato kama chetu haiwezi kuuchangia utafiti kwa kuwatoza wagonjwa wake kwenye kaunta. Mchango wetu tumeutoa kwa namna nyingine, kama wale wasichana walivyofanya.

Uingereza na Ujerumani: wote hupima thamani, ila mlango uko upande tofauti

Hapa ndipo wataalamu wengi hupenda kututazamisha, na kuna mengi ya kujifunza. Nchi zote mbili zinauliza dawa mpya inaleta nafuu gani kuliko iliyopo. Zinatofautiana katika wakati wa kuuliza.

Uingereza huuliza kabla ya kulipa. Taasisi ya NICE, iliyoanza 1999, hukadiria dawa itamwongezea mgonjwa muda gani wa kuishi na katika hali gani, kisha hugawanya gharama ili kupata bei ya mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Kwa miaka mingi kipimo chake kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa mwaka huo mmoja. Dawa ikizidi hapo, kampuni inajua imebakiza kupunguza bei au kukosa soko. Ikipita, mfumo wa afya wa taifa unabanwa kisheria kuilipia, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Mgonjwa hachangii kitu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. England kuna ada ndogo isiyobadilika kwa kila dawa aliyoandikiwa, na makundi mengi yamesamehewa.

Ubaya wake unaonekana pale pande mbili zinapokaza. Orkambi, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu, ilikuwa na bei ya orodha ya karibu pauni 105,000 kwa mwaka. NICE iliikataa 2016, kampuni haikushuka vya kutosha, na makubaliano yakapatikana Oktoba 2019. Katika miaka hiyo mitatu watoto waliendelea kupoteza nguvu ya mapafu. Wazazi fulani waliunda kundi la kununua jenerika kutoka Argentina. Neno "hapana" lina nguvu, na kuna wanaolilipia kwa pumzi zao.

Ujerumani hufungua mlango kwanza. Tangu sheria ya AMNOG ya 2011, dawa mpya huingia sokoni mara tu inapoidhinishwa, na bima hulipa bei aliyoitaja mwenye kampuni huku tathmini ikiendelea. Awali kipindi hicho cha bei huru kilikuwa mwaka mzima; tangu 2022 kimefupishwa hadi miezi sita. Ikionekana dawa inaleta nafuu mpya, muungano wa mifuko ya bima hujadili bei. Isipoleta, hailipwi zaidi ya dawa iliyopo. Mgonjwa huchangia asilimia 10, isiyopungua euro 5 wala kuzidi euro 10. Uthabiti wao ulijaribiwa mapema: mwaka 2011 ileile, Boehringer Ingelheim, kampuni ya hukohuko Ujerumani, iliamua kutoiuza nyumbani dawa yake mpya ya kisukari Trajenta kwa sababu ya mgogoro wa dawa gani ilinganishwe nayo.

Ukiniuliza ipi ni bora kwa mgonjwa wa leo, nitasema Ujerumani, kwani hangoji. Ipi inalinda mfuko zaidi? Uingereza. Ila kwetu Ujerumani haiwezekani hata kidogo: kulipa bei ya kampuni kwa miezi sita kunahitaji akiba ambayo nchi tajiri pekee inayo. Uingereza inawezekana kwa sehemu, nami nitarudi kwenye sehemu hiyo nikifika Thailand.

Kipo kitu kimoja cha Ujerumani ambacho husahaulika na ambacho kingetufaa zaidi ya AMNOG. Tangu 1989 dawa zinazofanana huwekwa kundi moja na bima hutangaza kiwango itakacholipa kwa kundi zima. Anayetaka chapa ya bei ya juu anaongeza tofauti mwenyewe. Ni kanuni rahisi, haihitaji maprofesa wa uchumi, na inafaa kwa dawa za zamani, ambazo ndizo wagonjwa wetu wengi wanazitumia.

Ufaransa na Japani, kwa kifupi

Ufaransa hupanga dawa kwa daraja. Tume ya kitabibu huamua dawa ina manufaa kiasi gani, na bima ya taifa hulipa asilimia 100, 65, 30 au 15 kulingana na jibu. Bei yenyewe hujadiliwa na kamati nyingine. Wafaransa wengi wana bima ya ziada inayofidia pengo, kwa hiyo hawalihisi. Kwetu hakuna bima ya ziada ya kumfidia mtu. Dawa iliyolipiwa asilimia 30 ni dawa ambayo mkulima wa Kamuli hataichukua.

Japani ina bima ya watu wote tangu 1961, na serikali huchapisha bei ya kila dawa inayolipiwa. Bei hizo hupunguzwa mara kwa mara kufuata bei halisi za sokoni. Opdivo, dawa ya saratani, ilikatwa nusu kwa mpigo mmoja Februari 2017. Lakini kukata kila mara kuna mwisho. Viwanda vya jenerika vilibaki na faida nyembamba, vingine vikafumwa vikikiuka taratibu za ubora kuanzia 2020, uzalishaji ukasimamishwa, na famasi za nchi tajiri kama ile zikakosa dawa za kawaida kwa miaka. Nalisema hili kwa wenzangu wanaodhani bei ya chini kabisa ndiyo ushindi. Dawa isiyo na faida kwa yeyote hupotea rafuni.

China na India: wingi, na dari

China ilifanya jambo ambalo watu wengi walidhani haliwezekani. Mwishoni mwa 2018 miji 11 iliunganisha mahitaji yake ya dawa 31, ikatangaza kiasi kamili itakachonunua, na kuwaambia wenye viwanda kwamba atakayeshinda zabuni atapata sehemu kubwa ya soko hilo kwa uhakika. Dawa 25 zilipata washindi, na bei zake zilishuka kwa wastani wa asilimia 52. Ni hesabu ya kikundi cha akina mama kinachonunua gunia zima la sukari badala ya kila mmoja kupima robo kilo dukani. Mpango ukaenezwa nchi nzima. Kwa dawa mpya zenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuitengeneza na kuiuza peke yake, shirika la bima la taifa hukaa na kampuni kila mwaka. Spinraza, dawa ya watoto wenye udhaifu wa misuli wa kurithi, ilishuka mwaka 2021 kutoka mamia ya maelfu ya yuan kwa sindano hadi karibu 33,000.

Wachina wamekutana na onyo lilelile la Japani: mwanzoni mwa 2025 madaktari wa miji mikubwa walilalamika hadharani kwamba baadhi ya jenerika za zabuni hazifanyi kazi walivyotarajia. Zabuni ya bei bila maabara imara ya kupima ubora ni hatari.

India, ambako dawa nyingi tunazomeza hutoka, imechagua dari ya bei. Amri ya 2013 huchukua dawa zilizo katika orodha ya dawa muhimu, hukokotoa wastani wa bei za chapa zenye angalau asilimia moja ya soko, huongeza asilimia 16 ya mwenye duka, na hapo ndipo dari. Bei ya juu kabisa lazima ichapishwe kwenye pakiti. Hilo la mwisho nalipenda kuliko kanuni yote. Mteja asiye na elimu ya dawa anaweza kusoma namba na kujua anapoibiwa. Udhaifu wake ni kwamba wastani wa soko ghali ni bei ghali, na kampuni hukwepa kwa kuhamia mchanganyiko wa dawa usiotajwa kwenye orodha.

India pia ilitumia silaha nyingine. Machi 2012 ilitoa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya serikali ya kutengeneza dawa yenye hataza bila ridhaa ya mwenye hataza, kwa kampuni ya Natco kutengeneza dawa ya saratani Nexavar, na gharama ya mwezi ikatoka rupia 280,000 hadi 8,880. Sisi tuna nafasi pana zaidi ya hiyo: Uganda ni miongoni mwa nchi maskini zaidi ambazo Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu kutolinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Kiwanda cha Luzira kilichofunguliwa 2007 kutengeneza dawa za VVU na malaria kilijengwa juu ya nafasi hiyo. Muda unakimbia.

Thailand: nchi isiyo tajiri iliyothubutu kupima

Thailand ilianza bima ya watu wote 2002, ikimtoza mgonjwa baht 30 tu kila anapotibiwa. Haikuwa tajiri. Miaka mitano baadaye iliunda kikosi kidogo cha watafiti, HITAP, kinachofanya kazi inayofanana na ya NICE kwa gharama ndogo zaidi, na kipimo chake kikawa baht 160,000 kwa mwaka wa afya kamili. Katika kipindi hichohicho, 2006 na 2007, serikali ilitoa leseni za lazima kwa dawa mbili za VVU na moja ya moyo. Kampuni zilikasirika, Marekani ilinung'unika, dawa zikashuka bei.

Ninachokiheshimu kwao ni kwamba namba haikuwatoa utu. Utafiti wao ulionyesha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo kunazidi kipimo, kwa mashine au kwa njia ya tumboni. Kwa hesabu tupu wangekataa. Lakini waliona familia zikiuza mashamba ili baba aishi miezi michache, basi kuanzia 2008 bima ikalipia njia ya tumboni kwanza, ambayo mgonjwa hujifanyia nyumbani kijijini. Aliyewahi kuona watu wakisafiri kutoka Arua au Kisoro mpaka Kampala kwa ajili ya figo ataelewa kwa nini uamuzi ule ni mkubwa. Hesabu ilitangazwa, sababu ya kuivuka ikatangazwa, na kila mtu akajua nani ameamua.

Sehemu ya Uingereza inayotufaa ndiyo hii: watu wachache waliosoma, wanaolipwa na umma, wanaopima dawa chache ghali kila mwaka na kuchapisha majibu yao. Wachumi wa afya tunao. Bila mfuko hawana nguvu ya kubana bei, ila wanaweza kuisaidia National Medical Stores, Taasisi ya Saratani ya Mulago na Taasisi ya Moyo kuamua fedha kidogo iliyopo iende wapi.

Afrika Kusini: bei moja kutoka kiwandani

Nimeiacha nchi hii mwisho kati ya kubwa kwa sababu ndiyo inayojibu shida yetu moja kwa moja. Afrika Kusini, kama sisi, ina soko kubwa la watu wanaonunua dawa nje ya hospitali za serikali. Sheria yake ya 1997 ilipingwa mahakamani na chama cha kampuni za dawa pamoja na makampuni 39. Baada ya kelele za dunia nzima kesi ikaondolewa Aprili 2001. Kutoka sheria hiyo zikazaliwa kanuni za 2004.

Kanuni ni hizi. Kila dawa ya sekta binafsi ina bei moja ya kutoka kwa mtengenezaji au mwagizaji, ikijumuisha usafirishaji na kodi. Bei hiyo inachapishwa, na yeyote anaweza kuitazama. Mtengenezaji haruhusiwi kumpa hospitali kubwa punguzo la siri wala bonasi ya maboksi ya bure. Famasi inaongeza ada ya kutoa dawa, nayo ina kiwango cha juu kilichowekwa kwa madaraja: asilimia yake hupungua kadiri bei ya dawa inavyopanda, ili muuzaji asivutwe kumpa mgonjwa iliyo ghali. Kila mwaka waziri hutangaza bei ziruhusiwe kupanda kwa asilimia ngapi. Basi.

Hakuna bima inayohitajika hapo. Mgonjwa aliye peke yake mbele ya kaunta analindwa na tangazo la bei.

Udhaifu upo, tena si mdogo. Bei ya kuanzia hujipangia kampuni yenyewe, kwa hiyo dawa mpya yenye hataza huingia ghali na kubaki ghali. Kuondoa punguzo kunawanyima wanunuzi wakubwa nafuu waliyoizoea. Na ada ya famasi ilizua vita: mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliikubali misingi ya mfumo lakini ikaikataa ada ya kwanza na kuirudisha ipangwe upya, kwa kuwa ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuziua famasi za vijijini. Mwenye duka la dawa Moroto, anayeuza pakiti chache kwa siku na kulipia lori kutoka Kampala, asipewe ada sawa na famasi ya barabara kuu ya Kampala inayouza usiku na mchana. Ada ya wilaya za mbali iwe kubwa zaidi, na tofauti hiyo iandikwe ndani ya kanuni tangu siku ya kwanza.

Walio karibu nasi: bei nzuri kwenye karatasi

Ghana ilipitisha sheria ya bima ya taifa 2003, ikaigharamia kwa ushuru wa asilimia 2.5 juu ya bidhaa pamoja na makato ya wafanyakazi, na ikatengeneza orodha ya dawa yenye bei bima itakazolipa. Mpango mzuri. Lakini malipo yamekuwa yakichelewa mara kwa mara, na bei za orodha zikabaki nyuma ya mfumuko wa bei. Hospitali iliyocheleweshewa fedha humwomba mgonjwa aongeze kidogo mkononi, au humwambia dawa hakuna.

Tanzania, Machi 2024, mfuko wa bima wa taifa ulileta kitita kipya cha bei na hospitali binafsi zikasema hazikidhi gharama. Kuanzia tarehe mosi baadhi zikaacha kupokea wanachama wake mpaka mazungumzo yakafanyika. Mwanachama aliyekatwa mshahara kila mwezi alifika mapokezi akarudishwa. Kenya nayo ilihama kutoka mfuko wake wa zamani kwenda mpya Oktoba 2024, na wengi wenu mliofuatilia mnajua mihangaiko ya miezi ya kwanza.

Nchi hizi hazikukosea kuanza. Zinatuonyesha tu kwamba bei iliyoandikwa ina nguvu sawa na tarehe ya kulipwa.

Kulingana na ulipo

Kama wewe ni mbunge na una nafasi ya kupigania jambo moja tu kabla bima haijaanza, chukua njia ya Afrika Kusini kwa dawa zilizo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, ukiichanganya na pakiti ya India: bei moja ya mwagizaji inayochapishwa, ada ya duka yenye kiwango cha juu, na namba iliyochapwa kwenye boksi. Mpe mamlaka National Drug Authority au chombo kingine kidogo, lakini kiwe na wakaguzi wanaofika Koboko na Bundibugyo. Dari ya bei kwa kukokotoa wastani, kama India, ningeiahirisha. Soko letu ni dogo na wauzaji ni wachache, mtu anaweza kuupotosha wastani.

Kama unasimamia bima ya kijamii, mfano wa ile ya hospitali ya Kisiizi iliyoanza 1996, njia yako ni makundi ya dawa ya Ujerumani. Amua utalipa kiasi gani kwa kila kundi la dawa za presha au kisukari, tumia bei za Joint Medical Store kama kipimo, na waeleze wanachama mapema kwamba atakayetaka chapa nyingine ataongeza mwenyewe. Mipango ya kijamii kadhaa ikikubaliana orodha moja, tayari ni mnunuzi wa kuheshimika.

Kwa wanunuzi wa serikali, China ndiyo shule: tangazeni kiasi, kihakikisheni, lipeni sehemu mapema, na chagueni washindi wawili badala ya mmoja, ili kiwanda kimoja kikikwama nchi isikauke. Dawa ghali za saratani na figo zipelekwe kwa kikosi cha mtindo wa Thailand, na majibu yake yasomwe na kila mtu.

Na wewe unayenunua mwenyewe kila mwezi, wakati sheria bado haijaja: mwombe daktari aandike jina la kemikali la dawa na si la chapa, uliza bei katika famasi mbili au tatu, na uulize kama hospitali ya misheni iliyo karibu inauza dawa hiyo kutoka Joint Medical Store. Jenerika iliyosajiliwa imepimwa. Usikubali kuambiwa kwamba ya Ulaya ni bora kwa sababu tu ni ya Ulaya.

Bima ya taifa ikija, ndipo kanuni za kina zitakuwa na nguvu, maana patakuwa na mkono mmoja ulioshika fedha ya wengi. Muswada utakaporudi Bungeni sitaanza kuusoma kwenye asilimia za makato. Nitatafuta kifungu kinachosema bima italipa hospitali na famasi ndani ya siku ngapi, na nini kitafuata siku hizo zikipita bila malipo.